Pipa la Canio

Chupa ziligongana gizani mara moja, kisha kimya. Ersilia alisimama katikati ya ngazi za stoo, chupa nne tupu mikononi, mbili kila mkono, akasikiliza kama kuna aliyeamka huko juu. Hakukuwa na aliyeamka. Akapanda ngazi zilizobaki, akaziweka chupa juu ya meza ya uani, akashuka tena.

Aliamka mapema makusudi. Ngazi za stoo zilikuwa kumi na moja, zimelika katikati kwa miguu ya watu waliokwisha kufa, na mwanawe Gerardo alikuwa amemkataza kuzishuka. "Mama, chupa nitazipandisha mimi," alisema jana wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti ile aliyoanza kuitumia tangu msiba wa baba yake, sauti ya mtu anayemvusha mwenzake barabara. Basi Ersilia akataka chupa zikutwe juu.

Kulipopambazuka zilikuwa mia moja na sitini, zimejaa mezani, chini ya meza na kando ya ukuta. Gerardo alitoka na fulana aliyolalia, nywele zimesimama upande mmoja kama alipokuwa mtoto.

"Nani kazipandisha hizi?"

"Malaika."

"Mama."

"Zimepanda zenyewe. Kahawa iko kwenye birika, kunywa kabla haijapoa."

Gerardo hakwenda kwenye kahawa. Alizihesabu chupa kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu viti vya harusi.

"Mia na sitini za nini? Za nani?"

"Kila mwaka ni mia na sitini."

"Kila mwaka baba alikuwepo."

Ersilia aliokota kitambaa akaanza kufuta chupa ambayo tayari ilikuwa safi. Gerardo naye akaona amesema kitu kikubwa kuliko alivyokusudia, akaenda kunywa kahawa.

Walikuwa na maelewano, au kila mmoja alidhani hivyo. Gerardo na mkewe Loredana walikuwa wamekuja kutoka Torino, kaskazini mwa nchi, kwa likizo ya Agosti, na huko Torino walikwisha kuandaa chumba: kitanda, kabati, dirisha linaloangalia miti. Siku ya kurudi wangerudi na mama, na nyumba ingefungwa. Ersilia, alipoambiwa, alijibu maneno matatu tu: "Baada ya nyanya." Gerardo alielewa kwamba sosi ya nyanya ya mwaka ikishatiwa chupani mama atapanda gari. Ersilia alikuwa na maana kwamba nyanya zikiisha, mtaona wenyewe kama mimi ni mtu wa kufungiwa nyumba. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Na haya yote yalianzia kwenye sufuria. Canio, mumewe, alifariki mwezi Machi. Mwezi Mei Ersilia alibandika dengu, akaenda makaburini, akasahau. Jirani yake, Incoronata, aliona moshi, akaingia na ufunguo wa akiba, akaitupa sufuria uani, akafungua madirisha. Kisha akapiga simu Torino. Habari ya sufuria ilifika Torino kabla harufu haijatoka kwenye mapazia.

* * *

Saa mbili asubuhi uani palikuwa pekundu. Nyanya zililetwa na Rocco, mume wa Incoronata, kwa kigari chake cha magurudumu matatu, kreti kumi na tisa za nyanya ndefu zenye ncha, zimekaa siku mbili kivulini zikaiva sawasawa. Rocco alizishusha zote mwenyewe, na kreti ya mwisho akaiweka juu ya kigoda ili Ersilia asiiname. Kisha akaenda zake.

Wakaosha, wakakata, wakachemsha. Loredana alikuwa mtu wa kaskazini ambaye, mwaka wa kwanza alipoolewa, alikuja kwenye kazi hii na viatu vyeupe. Siku hizi alikuja na viatu vya mpira vya marehemu mama mkwe wa Ersilia, na mikono yake ilikuwa myepesi. Aliona Ersilia anasimama kwa mguu mmoja zaidi ya mwingine, akaenda kuleta kiti chenye mto, akakiweka nyuma yake, akaendelea kuzungumza habari nyingine.

"Kule mgahawani mnatumia nyanya gani?" Ersilia alimuuliza mwanawe. Gerardo alikuwa mpishi. Miaka ishirini na miwili alipikia watu katika mgahawa mmoja wa Torino unaouza vyakula vya kusini.

"Za kopo, mama. Kopo kubwa, kutoka hapa mpaka hapa."

"Na kwenye orodha mnaandikaje?"

Gerardo alicheka. "Tunaandika 'tambi kwa sosi ya bibi'."

"Bibi gani?"

"Bibi yeyote. Watu wanapenda bibi."

"Mwambie bosi wako bibi anadai mshahara," alisema Ersilia, na wote watatu wakacheka, hata mashine ya kuchujia nyanya ikaonekana kama inacheka, kwa maana ilikuwa imekwama na ngozi. Ulikuwa wakati mzuri. Ersilia aliujua kuwa mzuri ungali unapita, akafurahi.

Kujaza chupa ilikuwa kazi yake. Jani moja la mrehani ndani ya kila chupa, kisha sosi kwa upawa na faneli, kisha Loredana anabana kizibo. Walikuwa wamekwisha kufunga chupa kumi na nane Loredana alipoishika moja, akaiinua kwenye mwanga, akaishusha. Akaangalia ya pili. Akakohoa kidogo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hizi za mwanzo…"

Ersilia aliangalia. Mrehani ulikuwa palepale kwenye bakuli lake, umeoshwa, haujaguswa hata jani.

"Mrehani?" Gerardo aliuliza kutoka kwenye sufuria. Masikio yake yalikuwa masikio ya jikoni. "Mama umesahau mrehani? Miaka hamsini unaweka mrehani!"

"Hamsini na nne," alisema Ersilia.

"Sawa, hamsini na nne!" Akamtazama mkewe, na yale macho Ersilia aliyaona. Yalisema: umeona?

"Hizi ni zangu," alisema Loredana, akizisogeza zile kumi na nane pembeni. "Mimi mrehani siupendi sana. Nilikuwa naona haya kusema miaka yote hii."

Haikuwa kweli. Loredana alikula mrehani hata kwenye mkate. Ersilia alichukua jani la kwanza kwenye bakuli, akalitia ndani ya chupa ya kumi na tisa, na kuanzia hapo alilihesabu kila jani kimoyomoyo mpaka chupa ya mwisho.

* * *

Pipa lilikuwa la Canio. Lilikuwa la mafuta zamani, kabla Gerardo hajazaliwa. Canio alilikata juu, akalichoma ndani kwa moto siku tatu, akaliweka juu ya mawe manne pembeni mwa ua. Kila mwaka ni yeye aliyepanga chupa ndani: mstari, magunia, mstari, matambara, mpaka juu, zisigusane, kisha maji, kisha kuni, zichemke ili sosi isiharibike mwaka mzima. Mwaka huu Ersilia alipanga mwenyewe, amejikunja mpaka kiunoni ndani ya pipa, na Gerardo amemshika mkanda wa aproni kama mtu aliyemshika mbuzi kisimani. Zile kumi na nane ziliingia kwanza, chini kabisa.

"Hii suruali ya baba," alisema Gerardo. Alikuwa amekamata tambara la buluu.

"Ndiyo."

"Unaifungia chupa?"

"Alisema mwenyewe. Ikichanika mara ya tatu, iende kwenye pipa. Ilichanika mara ya tatu."

Gerardo aliikunja ile suruali vizuri kuliko inavyohitaji tambara kukunjwa, akampa.

Maji yalichemka saa nane. Ersilia akakaa nayo saa nzima, akitia kuni moja moja, uso umeiva kwa joto, akikataa kila aliyetaka kumpokea. Saa tisa aliuvuta moto wote kutoka chini ya pipa, akafunika kwa ubao, na juu ya ubao akaweka kofia ya Canio, ile ya majani yenye utepe mweusi. Ndivyo Canio alivyofanya. Kofia ikiwa juu ya pipa, hakuna wa kuligusa mpaka kesho asubuhi, awe mtu mzima au mtoto, hata kama padri amekuja kuomba chupa.

"Mama, sisi kesho tunaondoka saa kumi na moja alfajiri," alisema Gerardo. "Kabla ya jua na foleni. Nani atazitoa?"

"Nitazitoa saa kumi alfajiri."

"Zitakuwa bado za moto. Na arobaini naenda nazo. Siwezi kupakia chupa za moto kwenye gari, safari ya saa kumi."

"Basi ondokeni saa tatu asubuhi."

"Saa tatu tutaivia barabarani. Mama, kule jikoni kwetu chakula cha moto hakiachwi hivi. Kinapozwa ndani ya saa moja na nusu. Ni sheria."

"Hapa si jikoni kwenu."

Alisema bila ukali. Akavua aproni, akaosha uso, akavaa viatu vya kutokea, akakata maua mawili ya zinia kando ya ukuta. Alikuwa na habari ya kumpelekea Canio: mia na sitini, na zote zimekaa sawa.

* * *

Makaburini alikaa kwa muda wa kawaida. Alibadilisha maji ya maua, akafuta vumbi kwenye picha, akamweleza. Hakumficha habari ya mrehani. Alipomaliza aliona mwili wake umechoka lakini roho imetulia, kama mtu aliyefanya mtihani akajua kwamba, ukitoa swali moja, yaliyobaki ameyajibu vizuri. Leo jioni, aliwaza, atamwambia Gerardo waziwazi: nimefanya, umeona, niache nikae.

Alikuwa kwenye kona ya uchochoro alipousikia mlio. Ta. Kisha kimya. Kisha ta, ta. Si mlio mkubwa. Mtu asiyeujua angedhani ni mtoto anavunja lozi kwa jiwe. Ersilia aliujua. Alikwisha kuusikia mara moja, mwaka aliposhika mimba ya Gerardo, chupa tatu zilipopasuka kwa mvua ya ghafla. Akatembea haraka, haraka ya magoti yake.

Gerardo alikuwa amesimama mbele ya pipa, mpira wa maji mkononi, maji bado yanatoka na kumlowesha viatu. Ubao ulikuwa umeegeshwa ukutani. Kofia ilikuwa chini. Ndani ya pipa maji yalikuwa mekundu, na jani la mrehani lilipanda juu, likazunguka, likazama.

"Nilitia kidogo kidogo," alisema Gerardo. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Mama, nilitia kidogo kidogo."

Ta.

"Funga bomba," alisema Ersilia.

Hakusogea. Mtu wa miaka arobaini na minane, mpishi anayeamrisha wapishi sita, amesimama kama amesahau mikono inafanya nini. Ndipo juu ya ukuta wa ua kikatokea kichwa cha Incoronata na vibanio vya nywele.

"Nini hicho kinachopasuka? Ersilia! Ni pipa?"

Ersilia aliunyoosha mkono, akautoa mpira kwenye mkono wa mwanawe. Ulitoka kirahisi.

"Ni mimi," alisema. "Nimetia maji baridi."

"Umetia nini?"

"Maji baridi. Nilitaka zipoe mapema, watoto wanasafiri. Uzee, Incoronata."

Incoronata hakuchungulia zaidi. Alifanya ishara ya msalaba. Ersilia aliona huruma ikimshuka usoni kama pazia. Ilikuwa mbaya kuliko kuchekwa.

Gerardo alifungua mdomo. Loredana akatokea mlangoni, taulo kichwani, alikuwa anaoga, akaliona pipa, akamwona mama mkwe amesimama kwenye tope jekundu na mpira mkononi. Gerardo akafunga mdomo.

* * *

Zilizopona zilikuwa ishirini na tatu. Zilikuwa za chini kabisa, ambako maji ya mpira hayakuwahi kufika, na zile kumi na nane zisizo na mrehani zilikuwemo zote. Loredana alizitoa moja moja maji yalipokwisha kupoa, akaokota vigae kwa glovu za jikoni, akamkataza Ersilia kusogea asije akajikata. Alimkataza kwa upole. Upole huo nao ulikuwa wa kumvusha mtu barabara.

Chakula cha jioni kiliwekwa mezani. Gerardo hakula. Baadaye, kupitia ukuta, Ersilia alimsikia Loredana akinong'ona.

"Nilikuwa nasema labda tusubiri. Labda tumwachie mpaka Krismasi. Lakini leo, Gerardo, maji baridi! Angeungua. Hawezi kuachwa hata siku moja. Nimekwisha kumpangia sanduku."

Ersilia alisubiri kusikia sauti ya mwanawe. Alisikia kabati likifunguliwa, likifungwa. Akasikia kitanda. Akasubiri kidogo tena, kisha akawaza kwamba kijana amechoka, na kwamba aibu ni kitu kizito kukibeba usiku, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango. Hakumkasirikia. Alikasirikia kofia, kwamba hakuiokota, na sasa itakuwa imelowa umande.

* * *

Alfajiri Ersilia alikuwa amekaa jikoni, amevaa gauni jeusi la safari, koti juu ya magoti ingawa ni Agosti, mkoba juu ya koti. Sanduku lilikwisha kwenda kwenye gari. Alimwona Gerardo akilipitisha, hakuinua macho, akalipitisha kama mtu anayelitoa nyumba ya jirani. Taa ya jikoni ilikuwa imezimwa. Alikwisha kufunga gesi, akaangalia mara tatu.

Nje, kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, chupa ziligongana.

"Shangazi Incoronata," ilisema sauti ya Gerardo. "Mbona mapema?"

"Si nyie mnaondoka mapema. Shika hizi. Sita zangu. Rocco kasema nne, nimeleta sita, usimwambie. Zile pale ni za kina Donata, zile sijui nani kaziweka, nimezikuta. Za fundi viatu zile, namjua kwa vizibo vya bia."

"Shangazi, hatuwezi…"

"Nani anakupa wewe? Pipa la mtu likiharibika watu wanaleta. Mwaka lilipoharibika letu, mama yako alileta kumi na tano, na tulikuwa hatusemezani kwa ugomvi wa ule mtini. Aliziweka hapo akagonga mlango, akakimbia."

Ersilia, jikoni, alikumbuka. Hakuwa amekimbia. Alitembea haraka.

"Lakini baba," Incoronata alishusha sauti, kwa kipimo chake, "unafanya vizuri kumchukua. Mimi nilikuwa nakulaumu, sikufichi. Nilisema, anamng'oa mama yake kama kitunguu. Hata ile sufuria ya dengu nilisema bahati mbaya, nani hajaunguza dengu. Lakini hili! Ersilia ndiye aliyenifundisha mimi pipa. Nimeolewa wiki tatu, sijui hata kuwasha moto, akanishika mkono. Leo yeye anamwagia chupa za moto maji baridi? Kichwa hicho kimekwenda, baba. Nimelia usiku."

Ersilia alishika mkoba kwa mikono miwili.

"Si yeye," alisema Gerardo.

"Si yeye nini?"

"Maji. Niliyatia mimi. Mama alikuwa makaburini. Alinikuta nimeshika mpira, akaninyang'anya."

Incoronata akacheka. Alianza chini, kama gari linalokataa kuwaka, halafu akawaka.

"Wewe? Mpishi? Mpishi wa Torino! Rocco! Rocco, amka!"

"Shangazi, watu wamelala."

"Wataamka! Miaka yote hiyo watu wanakulipa, na glasi ya moto hujui? Haya ndiyo wanayowafundisha huko? Na ile kofia je? Kofia ya baba yako ilikuwa juu, niliiona kwa macho yangu."

"Niliitoa."

"Ukaiweka wapi?"

"Chini."

"Chini!" Kicheko kikakatika. Hilo lilikuwa kubwa kuliko maji. "Kofia ya Canio umeiweka chini." Akavuta pumzi. "Na mama yako ukamwacha ajisingizie usiku mzima, mimi nalia, mkeo anapanga sanduku."

Chupa moja ilisikika ikisogezwa.

"Haya," alisema Incoronata, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemwogesha akiwa mchanga. "Ingia ndani. Chupa nitazipanga mimi."

* * *

Gerardo aliingia, akawasha taa. Akamwona mama yake na koti lake.

"Umesikia?"

"Mimi ni mzee, si kiziwi."

Alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakakaribia kugusana.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Incoronata alikuwa anachungulia. Na wewe ni mpishi. Mimi nikiharibu watasema uzee, yatakwisha."

"Yasingekwisha, mama. Sanduku lako liko kwenye gari."

"Nilikuona ukilipitisha."

"Na ungepanda?"

Ersilia aliwaza, kwa maana alitaka kumjibu ukweli.

"Ningepanda. Ningekaa mbele. Nyuma natapika."

Gerardo aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na Ersilia hakuweza kujua kama anacheka au analia, akamwekea mkono kwenye nywele zilizosimama upande mmoja. Loredana alikuwa mlangoni. Amesimama hapo kwa muda gani hakuna aliyejua. Alimtazama mumewe mara moja, macho ambayo Gerardo angeyakumbuka mpaka Torino na zaidi, kisha akatoka nje. Wakasikia mlango wa gari. Akarudi na sanduku, akaliweka chini ya ngazi.

"Jana usiku nilisema maneno," alimwambia Ersilia. "Uliyasikia?"

"Ukuta ni mwembamba, mwanangu."

Loredana akapata wekundu mpaka shingoni. Akainama, akambusu Ersilia shavu moja, na la pili, akalichukua koti magotini mwake, akalitundika.

"Sufuria ile," alisema Ersilia, kwa sababu alitaka kila kitu kikae mahali pake, "ile ilikuwa yangu kweli. Na mrehani."

"Najua," alisema Gerardo.

"Siku hizi nafunga gesi kabla ya kutoka. Leo nimeangalia mara tatu. Incoronata ana ufunguo, na anachungulia bila kuombwa."

"Nitapiga simu kila jioni."

"Piga saa moja. Saa moja na nusu nasali rozari."

Gerardo alifikiri. Alikuwa bado na hofu, ilionekana, haikuwa imeondoka kwa sababu tu ameona aibu. Lakini alitikisa kichwa kukubali.

Kulikuwa kumepambazuka walipopakia. Chupa za majirani zilikuwa hamsini na saba, Incoronata amezipanga kwenye kizingiti kwa mistari, akarudi kwake bila kuaga. Ukutani kwake kichwa cha Rocco kilionekana, kikamwangalia Gerardo, kikatikisika polepole kushoto na kulia, kikapotea. Loredana alichukua zile kumi na nane zake na hakutaka hata moja zaidi. Ersilia akamkatia tawi la mrehani, akalitia kwenye kikombe cha plastiki chenye maji. "La kutazama tu," alisema, "kwa kuwa hulipendi," na Loredana akalipokea kwa mikono miwili.

Gerardo alipotea kidogo. Alikuwa uani. Aliiokota kofia, akaikung'uta umande na mchanga, akaufuta utepe kwa kidole gumba, akaiweka juu ya ubao wa pipa tupu. Akarudi, akaketi kwenye usukani, akawasha gari. Halafu akalizima, akateremsha kioo.

"Mama, Krismasi uje."

"Nije wapi?"

"Torino. Uje tena kututembelea, kama mwaka ule mlipokuja na baba. Nitakukatia tiketi ya treni."

Ersilia alisogea karibu na dirisha, akaweka mkono juu ya mlango wa gari.

"Ya kwenda?"

"Ya kwenda na kurudi," alisema Gerardo. "Uje, mama."